Kikumbusho kisipolia

Kabla ya kufuta programu ya kalenda na kuiweka upya, afadhali mtu akague kwanza saa za eneo. Uingereza husogeza saa mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba. Nairobi na Dar es Salaam hazisogezi. Kikao cha kila wiki kilichopangwa London saa tatu asubuhi humfikia mtu wa Nairobi saa sita mchana majira ya baridi, kisha saa tano asubuhi majira ya joto. Hapo kikumbusho hakijakosea hata kidogo; kimefuata saa ya aliyeitisha kikao.

Kwenye simu za Android, mshukiwa wa kwanza ni kiokoa betri, ambacho huilaza programu isiyofunguliwa mara kwa mara.

Outlook ya zamani ya Windows nayo haikumbushi kitu ikiwa imefungwa. Vikumbusho vikikwama, iwashwe kwa amri outlook.exe /cleanreminders, ivifute na kuvijenga upya.

Kuna siku, hata hivyo, kosa huwa la mtengenezaji mwenyewe: Januari 1 na 2, 2011, kengele za iPhone zilizowekwa zilie mara moja tu zilinyamaza. Mwenye safari ya alfajiri aweke na saa ya mezani.