Siafu Wakiingia Uani Siku ya Hina, Petroli Ikae Mbali



Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na jioni ile kwetu Ujiji ilikuwa siku ya hina. Mikeka imetandikwa chini ya mwembe, bi harusi ameshapakwa mkono mmoja, ghafla mtoto akapiga yowe. Kutazama chini, siafu! Msitari mweusi umetoka upande wa jalala na umeshafika kwenye masinia. Kijana mmoja akakimbia, akarudi na chupa ya petroli na kiberiti.

"Mwanangu, weka chini hiyo," bibi akamwambia. "Hapa pana watoto, na hao ni viumbe wa Mungu."

Tukaondoka uani, bi harusi amenyoosha mikono hina isiharibike. Siku hiyo tulicheka, lakini lile jambo la petroli tumeona tuliseme, maana si nyumba moja inayofanya hivyo.

Tuanze na dini yetu. Sura ya 27 ya Qur'ani imeitwa An-Naml, yaani chungu, wadudu hawa hawa. Ndani yake yumo chungu aliyewaonya wenzake waingie makaoni mwao, jeshi la Nabii Sulaiman lisije likawaponda bila kujua. Nabii Sulaiman alimsikia, akatabasamu, akamshukuru Mola wake. Na katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Nabii mmoja aliumwa na chungu mmoja, akaamuru kao lao lote lichomwe, na Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuangamiza umma unaomsabihi. Katika hadithi nyingine, kwa Abu Daud, Mtume wetu (s.a.w.) aliona kao la chungu lililochomwa, akaeleza kwamba kuadhibu kwa moto ni haki ya Mola wa moto peke yake.

Kuna dada atasema, "Ninyi mnahurumia siafu, mimi nina kichanga ndani." Dada, una haki. Siafu si wa kuchezewa: wanaweza kumaliza kuku aliyefungwa bandani, na mtoto asiyeweza kujisogeza hawezi kuachwa njiani mwao. Wanavyuoni wameruhusu kuondoa mdudu anayedhuru. Tunachokataa sisi ni moto na sumu kuwa jambo la kwanza kukimbilia, wakati njia nyepesi ipo.

Tena moto wenyewe haufai kitu. Siafu wafanyakazi hawana macho, wanafuatana kwa harufu. Ukiwakanyaga au ukiwasha moto katikati ya msitari, wanatawanyika kila upande, na ndipo wanapopanda miguuni. Hawana kao la kudumu, wanahama kufuata mawindo. Ushauri mwingi wa intaneti unahusu chungu wa moto wa Amerika Kusini, walioingia Marekani kupitia bandari ya Mobile miaka ya 1930. Hao wana vichuguu vyao, hutegewa chambo. Wetu ni wapita njia.

Basi tufanye nini? Kwanza toa watu: kichanga, mgonjwa, mzee. Fungulia kuku na mbuzi waliofungwa. Usikate msitari, fuata ujue unakotoka na unakoelekea. Mwaga majivu makavu kwa wingi mlangoni, na walioingia ndani wamwagie maji ya sabuni. Miguu ya kitanda cha mtoto iweke kwenye makopo yenye maji. Kisha subiri. Mara nyingi wakipita nyumba, huiacha haina mende. Aliyeumwa, mng'oe siafu kwa vidole, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Akivimba uso au akipumua kwa shida, kimbilia hospitali.

Kwa siku za shughuli, kazi ifanyike mapema. Jalala liwe mbali na uwanja wa kupikia, majani yafyekwe, na magamba ya dagaa na mabaki ya nyama yafukiwe siku hiyo hiyo.

Sumu ya bustani tunaiogopa kuliko siafu wenyewe. Dawa ya nyanya iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, imewekwa jikoni siku ya harusi yenye watoto thelathini, huo ni msiba unaosubiri siku. Na mvua ikinyesha, kilichomwagwa uani kinateremka ziwani. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, kwa hiyo kinachoingia humo hakiondoki upesi. Dagaa tunaoanika Kibirizi wanatoka humo humo.

Majimoto nao, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe, tusiwachukie bure. Zanzibar, tangu miaka ya 1950, watafiti walionyesha kwamba wanalinda minazi dhidi ya kunguni wanaoharibu nazi changa. Mwembe wenye majimoto una walinzi. Mkeka wa bi harusi utandike chini ya mti mwingine, basi.

Enyi mabi harusi wetu, mnaingia nyumba zenu kuwa wachunga wa kila kilichomo: mume, watoto, kuku, maji na ardhi. Mwanamke anajulikana kwa pilau yake, ni kweli, lakini anajulikana pia kwa anavyomtendea asiyeweza kumjibu. Siku ile siafu walipita, tukarudi mikekani baada ya Isha, na mkono wa pili ukapakwa hina. Hakuna aliyeungua.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zenu, na azijaze huruma. Amin.