Ubaguzi wa Rangi Ufundishwe, na Ufundishwe Wote

Mitaala iliyorekebishwa mwaka 2023, na ambayo ilianza kutumika Januari 2024, imeziletea shule za Tanzania somo jipya liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Jina hilo limebeba uzito. Limefunga pamoja mambo mawili ambayo aghalabu tumeyatenga: yaliyotendeka, na yaliyopasa kutendeka. Basi hatuna budi kuuliza: somo hili litamwambia nini mtoto wa Kitanzania kuhusu ubaguzi wa rangi katika nchi yake mwenyewe? Ubaguzi wa Makaburu wa Afrika Kusini si vigumu kuufundisha, kwa kuwa wakosaji wake wako mbali. Ule wa nyumbani ndio unaotutia kigugumizi.

Wapo wanaotaka tunyamaze. Husema kwamba taifa letu limejaliwa umoja, na kwamba kuwatajia watoto habari za Mzungu, Mhindi, Mwarabu na Mwafrika ni kufukua makaburi. Nia yao ni njema. Lakini ukimya haumwachi mtoto bila mafundisho. Humwacha mikononi mwa walimu wengine, yaani maneno ya mitaani, utani wenye sumu na hotuba za jukwaani. Mwaka 1993, pale majukwaa ya siasa jijini Dar es Salaam yalipowataja wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia kuwa "magabacholi", wapo waliotoka mikutanoni na kuwarushia mawe wapita njia wa rangi hiyo. Hayo yalitokea baada ya miaka 30 ya nyimbo za umoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wapo pia wanaotaka historia ifundishwe kama daftari la madeni. Kwao, mtoto wa Kiasia aliyezaliwa Mwanza au wa Kiarabu aliyezaliwa Tabora anapaswa kuketi darasani kama mdhamini wa makosa ya watu waliokufa zamani. Hao wanaujua uchungu wa historia, lakini wameusoma vibaya. Kumhukumu mtu kwa ngozi yake ndicho kitendo kile kile walichokuwa wakikifanya wakoloni; kilichobadilika ni upande wa kiti cha hakimu tu.

Mabishano haya si yetu peke yetu. Nchini Marekani yamegeuka kuwa suala la uchaguzi na la mahakama. Mwaka 2022 jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kuweka mipaka juu ya namna walimu wanavyoweza kuzungumzia rangi. Mwaka 2023 mwongozo wa jimbo hilo wa somo la historia ulitaka wanafunzi waelezwe kwamba watumwa walijipatia stadi ambazo nyakati nyingine ziliwafaa wao wenyewe. Watetezi wa hatua hizo hudai kwamba hawataki mtoto yeyote ajione mwenye hatia kwa sababu ya rangi yake. Hoja hiyo si ya kubezwa. Hakuna mzazi asiyeielewa. Lakini dawa waliyoichagua haiponyi. Ukimlinda mtoto kwa kupunguza makali ya utumwa, umemnyima ukweli, na umemtukana mwenzake aliyeketi dawati la pili, ambaye babu zake waliuzwa.

Basi tufundishe nini? Tuanze na shule zenyewe. Chini ya Waingereza, Tanganyika ilikuwa na mifumo mitatu ya elimu: wa Wazungu, wa Waasia na wa Waafrika. Kila mmoja ulikuwa na shule zake na fungu lake la fedha. Shule za misheni, ambazo zilisomesha sehemu kubwa ya watoto wa Kiafrika waliobahatika kusoma, zilipokea ruzuku ya serikali na kufanya kazi ndani ya mpango huo. Jambo hili nalo lisemwe, na lianze kusemwa katika shule za Kanisa. Hatuwezi kuitaka serikali ifungue vitabu vyake huku sisi tumevifunika vyetu.

Tusonge mbele hadi siasa. Kuanzia mwaka 1955, Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na wajumbe wawakilishi 30: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Wakati huo Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu wapatao 20,000. Mwalimu wa hisabati anaweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni: mjumbe mmoja wa Kizungu alisimama kwa watu wapatao 2,000, na mmoja wa Kiafrika kwa watu zaidi ya 800,000. Mpango huo uliitwa usawa. Mwanafunzi akiielewa hesabu hiyo, ataelewa kwamba ubaguzi si hasira ya mtu mmoja mbaya tu. Ni utaratibu uliopangwa ofisini, ukaandikwa kwa lugha nzuri, ukatiwa saini na watu wastaarabu.

Kisha aelezwe pia jinsi utaratibu huo ulivyovunjwa. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilikutana Tabora mwaka 1958 na kuamua kushiriki, ingawa sharti hilo lilichukiza. Miongoni mwa walioingia barazani wakiungwa mkono na TANU walikuwamo Sophia Mustafa, Amir Jamal na Derek Bryceson. Oktoba 1961, wapo wajumbe waliotaka uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere alilipinga jambo hilo kwa ukali, akawa tayari kuacha uongozi kuliko kulikubali. Mwaka 1962 mifumo mitatu ya shule ikaunganishwa kuwa mmoja.

Lakini hata hapo tusiandike hadithi ya malaika. TANU yenyewe haikuwapokea wasio Waafrika kuwa wanachama kamili mpaka baada ya uhuru. Sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo haikutaja rangi ya mtu, bali uzito wake mkubwa uliwaangukia Waasia, na wengi wakaihama nchi. Zanzibar nako, Mapinduzi ya Januari 1964 yaliondoa utawala ambao Waafrika wengi waliona umewatenga. Katika siku hizo hizo watu wengi wenye asili ya Kiarabu na ya Kiasia waliuawa, wakiwemo wasio na kosa lolote. Moyo wenye haki unaweza kuzibeba kweli hizi zote pamoja. Unaoweza kubeba moja tu bado haujafundishwa.

Hali kadhalika utumwa. Mtoto anayeambiwa kwamba utumwa ulikuwa kazi ya Waarabu, basi, amepewa nusu ya habari. Misafara iliongozwa na Waarabu na Waswahili, lakini pia na Wayao na Wanyamwezi. Watawala wa bara waliuza mateka. Wafanyabiashara wa Kihindi pwani walikopesha mitaji. Mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi yalinunua watu. Na pembe zilizosafirishwa na misafara hiyo ziligeuzwa vibao vya piano Ulaya na Marekani. Mnyororo ule ulikuwa na pingu nyingi, na waliozishika walikuwa wa kila rangi.

Kutokana na hayo tunapata kanuni tatu. Kwanza, mwalimu afundishe matendo, sheria na faida: nani aliamua, nani alinufaika, nani aliumia. Pili, atenganishe hatia na matokeo. Hatia hairithiwi, matokeo hurithiwa, na kuyarekebisha ni wajibu wa wote, awe mjukuu wa bwana au wa mtumwa. Tatu, kila habari ya dhuluma iambatane na habari ya waliokataa, ili mtoto ajue kwamba kukataa kuliwezekana wakati ule na kunawezekana leo.

Tunawaomba wanasiasa waache kulifanya darasa kuwa uwanja wa kampeni. Tunawaomba wakuza mitaala wampe mwalimu vitabu vyenye tarehe, takwimu na hati, wasimwachie mahubiri matupu. Na wewe mzazi, mtoto akirudi nyumbani na swali gumu kuhusu jirani mwenye rangi tofauti, usimnyamazishe. Swali lile limetoka shuleni likiwa bado hai. Lipokee, kalijibu pamoja naye, maana taifa lisilowajibu watoto wake huwaacha wajibiwe na wenye chuki.