LUGHA YETU: Hata gazeti hukosea

Ndugu msomaji, mwezi huu nakuletea jambo nililoliona hapa Kurasini, Dar es Salaam.

Jirani yangu ni mama muuza samaki. Alijifunza kusoma ukubwani. Jioni moja alikuwa barazani, anasoma gazeti kwa sauti. Alisoma hivi: "Wananchi wameomba wapewe mahari pa kujenga soko." Akasimama. Akarudia. Mwisho akalikunja gazeti, akasema, "Mimi bado sijui kusoma. Tangu lini soko likaolewa?"

Nikalitazama gazeti. Kumbe mama alisoma sawasawa! Aliyekosea ni mwandishi. Mahari ni mali anayotoa mume ili aoe. Mwandishi alitaka kusema mahali, yaani sehemu ya kujenga soko.

Kosa hili linatoka wapi? Lugha nyingi za makabila yetu hazitenganishi r na l. Mtu huandika kama anavyotamka. Lakini mwandishi wa habari kazi yake ni kuandika. Akikosea neno moja, watu wengi hulisoma, nao huliiga.

Haya ni makosa mengine ya magazetini:

1. Kula na kura. Tunakula ugali. Tunapiga kura.

2. Samani na thamani. Samani ni vitu kama meza, viti na makabati. Ng'ombe ana thamani, hana samani.

3. Kupelekea. Wengine huandika, "Mvua ilipelekea mafuriko." Sema, "Mvua ilisababisha mafuriko." Kupelekea ni hivi: "Nimempelekea mama unga."

4. Masaa. Sema, "Tulisubiri saa tatu." Usiseme "masaa matatu."

Mwandishi ana pa kuuliza. Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA, liliundwa mwaka 1967. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa mwaka 1981. Kufungua kamusi ni kazi ya dakika moja.

Nawe ndugu msomaji, ukikuta neno lisiloleta maana, usijidharau. Lisome tena, herufi kwa herufi. Muulize mwalimu wako wa kisomo. Kama limekosewa, waandikie wahariri.

Jirani yangu amekwisha waandikia. Ndiyo barua yake ya kwanza maishani.

ZOEZI: Chagua neno la sawa.
(a) Kesho tutapiga (kula, kura).
(b) Shamba hili lina (samani, thamani) kubwa.
(c) Tukutane (mahali, mahari) pale pale.