Ua la Jirani

Katika miji yetu midogo, kama Wete kisiwani Pemba, imezuka desturi ya kusikitisha: harusi ikikaribia, watu huagiza maua ya plastiki yaliyotoka ng'ambo, ilhali asumini imejaa uani kwa jirani. Watetezi wake husema plastiki hainyauki. Nasi twawauliza: kisichonukia kitaitwaje ua? Asumini huchumwa jioni ingali tumba, ikatungwa kikuba pamoja na mrehani, ikachanua usiku ikiwa imevaliwa. Haistahimili safari ndefu; yahitaji mtungaji aliye karibu. Tusipomwagiza mama huyo, twamnyima riziki, na binti zake twawanyima ufundi. Basi kila mwenye harusi na abishe hodi kwa jirani kwanza.