Shaba inafika baharini, watu wa Kolwezi hawafiki ziwani

Kila mwaka shule zikifungwa, swali lilelile linarudi katika nyumba nyingi za Kolwezi: watoto waende wapi? Mwenye feza kidogo anawalipia mchana mmoja kwenye bwawa la hoteli. Wengine wanabaki palepale, kati ya vumbi la malori na milima ya udongo uliotoka migodini.

Bahari ya kweli iko mbali, Moanda, upande wa pili wa nchi. Lakini Katanga ya zamani ilikuwa na bahari yake: Ziwa Tanganyika, na mji wake wa kupumzikia, Kalemie. Mji huo bado upo. Kinachokufa ni njia ya kuufikia, na pamoja na njia hiyo maisha ya mji wenyewe. Viongozi wa Lualaba wasilitazame jambo hilo kama shida ya jirani peke yake.

Kalemie ilianza kama ngome ya Wabelgiji mwaka 1891, ikaitwa Albertville. Gari la moshi kutoka Kabalo lilifika ziwani mwaka 1915, na kutoka bandarini meli zilivuka mpaka Kigoma, ambako reli nyingine ilishuka mpaka Dar es Salaam. Wakati wa ukoloni Wazungu wa Katanga walikuja kupumzika kwenye mchanga wa ziwa na upepo wake. Uhuru ulipokuja, jina lilibadilika, na Mukongomani naye akaweza kukaa kwenye mchanga huo bila kuuliza ruhusa ya mtu. Katika miaka ya 1950 reli ya Kabalo iliunganishwa na Kamina, basi mtu wa Kolwezi aliweza kupita Tenke, Kamina na Kabalo mpaka aone maji, bila kuacha reli. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, lakini ilikuwa safari ya familia: mama, watoto na mizigo, na wakati wa kurudi, vifurushi vya ndakala.

Safari hiyo leo ni nani anaithubutu? Reli ya SNCC imechoka. Benki ya Dunia ilitoa feza, lokomotivu mpya zikanunuliwa, lakini lokomotivu mpya juu ya reli iliyooza haifiki mbali. Gari la abiria linaweza kuchukua siku nyingi njiani, na asiyeweza kulingojea anapanda juu ya gari la mizigo. Mwezi wa tatu 2022, karibu na kijiji cha Buyofwe, humu humu Lualaba, gari la mizigo lililobeba watu kwa siri liliacha reli. Watu zaidi ya 60 walikufa. Hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliotaka kusafiri, na hakuna aliyewapa njia nyingine waliyoweza kulipa.

Kalemie yenyewe imepata mapigo mengine. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf, kilicholisha familia nyingi, kilifunga milango. Vita za miaka ya 1990 na 2000 zilipita. Toka 2016 ugomvi kati ya Watwa na Waluba ulifukuza mamia ya maelfu ya watu vijijini mwa jimbo la Tanganyika, na wengi wao wakakimbilia kambi za kando ya mji. Halafu ziwa lenyewe likapanda. Mwaka 2021, na tena 2024, maji yaliingia ndani ya nyumba, barabara na bandari. Mchanga ambao watoto walichezea ukafunikwa.

Mji wa mapumziko hauwezi kuishi kwa uzuri wa maji tu. Unahitaji mgeni anayefika, analala, anakula samaki, analipa dereva wa pikipiki na mama muuza matunda. Mgeni asipofika mwaka mmoja, mwenye nyumba ya wageni anavumilia. Asipofika miaka kumi, paa linavuja, mfanyakazi anaondoka, na hata barabara ikitengenezwa kesho, mgeni atakuta hakuna pa kulala. Kalemie imefika karibu na hapo.

Wakati huohuo, upande wa magharibi wa Kolwezi, habari ya reli ni nyingine kabisa. Njia ya Dilolo mpaka bandari ya Lobito, Angola, iliyokamilika kuunganishwa mwaka 1931 na kukatwa na vita mwaka 1975, imerudi kwenye midomo ya wakubwa wa dunia. Upande wa Angola, Wachina waliijenga upya. Mwaka 2022 kundi la kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis lilipewa kuiendesha kwa miaka 30. Mwezi wa 12 mwaka 2024 rais wa Marekani, Joe Biden, alikwenda mwenyewe mpaka Lobito. Lobito ni mji wa pwani, wenye mchanga na mawimbi. Shaba ya Kolwezi itaona bahari. Mtoto wa Kolwezi haioni.

Hakuna ubaya kutengeneza reli ya shaba. Lori likipungua barabarani, ajali zinapungua na vumbi linapungua. Ubaya ni kudhani kwamba reli kazi yake ni kubeba jiwe tu. Mabwana wa ukoloni waliijenga kwa ajili ya jiwe, na hata wao waliweka mabehewa ya watu.

Wako watakaosema kupumzika ni anasa. Kuna mitaa Kolwezi isiyo na maji safi, na mito kama Musonoi na Luilu imechafuliwa na kazi ya migodi. Kwa nini kusumbuka na mchanga wa Kalemie? Swali ni la haki. Lakini jibu liko katika historia ya Kolwezi yenyewe. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka. Ilipofika 2003, kampuni ilikuwa haifikishi hata tani 20,000 kwa mwaka, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa feza kidogo ili waende nyumbani. Hospitali, shule na posho vilitegemea jiwe moja, na jiwe lilipokosa bei, vyote vililegea pamoja. Hata mwezi wa pili 2025, serikali ililazimika kusimamisha uuzaji wa kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka. Mji unaokula kwa mkono mmoja, mkono huo ukiumwa, unalala njaa.

Watu wanaosafiri, kulala na kula katika mji wa jirani ni mkono wa pili. Si mkono mkubwa kama shaba, lakini hauchimbwi ukaisha.

Feza za kuanzia hazikosekani. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inagawa malipo ya migodi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini au sheferi inayochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mfuko huo una jina zuri, na ni haki wakaaji waulize kizazi kijacho kitaachiwa nini hasa. Reli salama ya abiria ni jibu moja linaloonekana kwa macho.

Mambo matatu yanaweza kuanza bila kungoja muujiza. La kwanza, kila mkataba wa reli unaotiwa sahihi kwa ajili ya madini uwe na sharti la behewa la abiria, lenye saa inayojulikana na bei ambayo mwalimu anaweza kulipa. La pili, magavana wa Lualaba na wa Tanganyika, majimbo yaliyozaliwa pamoja mwaka 2015 kutoka tumbo moja la Katanga, wakae mezani na SNCC juu ya njia ya Tenke, Kamina, Kabalo na Kalemie, waseme wazi ni kipande gani kitatengenezwa kwanza. La tatu, Kalemie isijenge tena pale ambapo ziwa limeonyesha linafika. Mpaka wa maji uwekwe alama, na mto Lukuga, mlango mmoja tu ambao Ziwa Tanganyika linatokea, uangaliwe usizibwe na mchanga na takataka.

Lukuga huo unatoka Kalemie na kuingia Lualaba upande wa Kabalo. Maji yanayopita karibu na Kolwezi na maji ya ziwa yanakutana huko, kisha yanaendelea pamoja kuelekea bahari. Mito haikungoja mkataba wa mtu ili kuunganisha miji hii miwili. Reli ilikuja kuiunganisha mara ya pili, na reli ndiyo inayoachwa ife.

Wakubwa watakapokutana tena kusherehekea shaba inayofika Lobito, mtu mmoja mezani awaulize swali la shule zikifungwa: na watoto, waende wapi?