Hakuna kebo ya HDMI 2.1, wacheni kutuuzia namba

Wiki jana nililipa shilingi 2,500 kwa kebo imeandikwa "HDMI 2.1, 8K", ncha zake zimepakwa rangi ya dhahabu. Nimefika kwa nyumba, nikaweka 4K ya picha 120 kwa sekunde, na skrini ikaanza: inawaka, inazima, inawaka, inazima. Kurudi dukani, jamaa ananiambia ati TV yangu ndiyo mbaya. TV ni mpya, buda.

Nikakaa chini nikasoma. Na sasa hasira zangu si za yule jamaa wa duka. Ni za wale wanaoandika viwango vyenyewe.

Mnakumbuka zile waya tatu? Njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Hata mtoto alikuwa anaunganisha, kila rangi na tundu lake. Mwaka 1999 ikaja DVI, picha ya dijitali ya kompyuta. Halafu Desemba 2002, kampuni saba, Sony, Panasonic, Philips na Toshiba zikiwemo, zikatoa HDMI 1.0: picha na sauti kwa waya mmoja. Hapo nawapa heko. Na plagi ile ya 2002 bado inaingia kwa TV ya leo.

Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Sura ni ile ile, tumbo ni tofauti. HDMI ya kwanza ilipitisha chini ya gigabiti 5 kwa sekunde. 2.0 ya mwaka 2013 ikafika 18. 2.1 ya 2017 ikafika 48, na 2.2 ya 2025 imefika 96. Ukishika kebo mkononi, utajuaje ni gani? Hujui.

Na zile namba si za kebo! Ni za kiwango, yaani mambo ambayo TV au mashine yako inaweza kufanya. Kebo ina majina yake ya kasi: Premium High Speed ni ya gigabiti 18, Ultra High Speed ni ya 48. Majina gani hayo lakini? Kati ya "Premium" na "Ultra", nani anajua ipi inamshinda mwenzake? Si wangeandika tu 18 na 48 kwa waya, tumalizane.

Kuna mbaya zaidi. Mwaka 2021, tovuti ya TFTCentral iliwauliza wasimamizi wa leseni ya HDMI, wakajibu kwamba 2.0 haipo tena, imemezwa na 2.1, na yale mapya yote ya 2.1 ni hiari. Kwa hivyo TV yenye uwezo wa zamani inaweza kuitwa 2.1, na hakuna sheria imevunjwa. Ni kama hoteli iandike "pilau ya nyama" halafu mpishi akwambie nyama ni hiari. Watajitetea kwamba kampuni lazima itaje inachoweza na isichoweza. Sawa, wapi? Kwa maandishi madogo nyuma ya boksi ambayo imefungwa na selotepu? Wanatubeba ufala.

Na ile dhahabu? Data ya dijitali inafika ama inaharibika njiani. Ikiharibika utaona vidoti vinametameta au skrini nyeusi, si rangi zilizofifia. Dhahabu kazi yake ni kuzuia kutu. Labda kama unaishi Mombasa karibu na bahari nitakuelewa.

Kebo halali ya Ultra High Speed lazima boksi lake liwe na lebo yenye msimbo wa QR, unaiskani kwa apu ya HDMI wenyewe. Skani kabla hujatoa pesa. Duka likikataa, enda lingine.

Yangu haikuwa na lebo. Pesa hazikurudi pia. Sasa hivi imeunganisha king'amuzi cha mathe, na huko inafanya kazi safi kabisa, hadi ananiuliza nilikuwa nalalamika nini.