Kijana Aliyeniuliza Kuhusu Udhu



Mwaka juzi nilikuwa mgeni Isiolo, mji ambao barabara kuu ya kwenda Marsabit na Moyale huupitia, malori na bodaboda yakigombania lami moja. Magharibi moja mpwa wa mwenyeji wangu alirejea akiwa ameanguka na pikipiki, bila helmeti. Mchubuko juu ya sikio, basi. Akanywa chai, akaniuliza: "Sheikh, nilipoanguka nilizimia kidogo. Udhu wangu umetenguka?" Nikamjibu kuwa umetenguka, kwani kupotewa na fahamu hutengua udhu, japo kwa kitambo kifupi. Akatawadha, akaswali Isha, kisha akalalamikia kichwa. Nami nikasema, na leo naona haya kuliandika: "Mwacheni alale."

Bibi yake ndiye aliyekataa. Alimwamsha baada ya saa moja, akamkuta anatapika, maneno hayashikani, na mboni ya jicho moja imepanuka kuliko ya pili. Usiku huo huo tulishika njia ya Meru, kiasi cha kilomita 50, kukitafuta kipimo cha CT skani.

Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa. Damu iliyovuja chini yake haiioni. CT skani hukizungushia kichwa miale, kisha kompyuta hupanga picha kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa slesi, na damu mbichi huonekana nyeupe. Ni kazi ya dakika chache. Mgonjwa wa kwanza alipimwa London mwaka 1971, kwa mtambo wa mhandisi Godfrey Hounsfield. Kwa kijana wetu, damu ilikuwa baina ya fuvu na utando wa ubongo. Jeraha hili lina hila: majeruhi huzinduka, huzungumza kama mzima kwa saa kadhaa, huku damu ikiukandamiza ubongo.

Si kila nundu yahitaji kipimo hiki, maana miale ina madhara yake. Lakini aliyezimia, anayetapikatapika, mwenye usingizi mzito au degedege, asingojewe kupambazuke.

Mama mmoja ameniuliza kuhusu saumu. Kupigwa miale hakufunguzi. Na pini za mtandio zivuliwe bila wasiwasi, kwani chuma huharibu picha, na hiyo ni dharura.

Kijana alipasuliwa alfajiri ile, na yu hai, alhamdulillahi. Bibi yake hunipigia simu kila Idi, na hakosi kuniuliza kama bado nawaambia watu walale.